Kioo cha Shibiri Moja

Mwalimu Tupokigwe aliingia dukani kwa Zuber akiwa ameikumbatia sahani ya bati kifuani, kama mtu aliyeokoa mtoto katika mafuriko. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeshika zamu tangu alfajiri, na maji yalikuwa yakiteremka mtaa wa Bagamoyo kwa vishindo na kelele, mithili ya wanafunzi waliofunguliwa shule. Mwalimu akaipangusa ile sahani kwa upindo wa kitenge chake, akaiweka kifudifudi juu ya meza ya kukatia vioo, kisha akakigonga kitako chake kwa kidole.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Ila hapa hatuzibi sahani. Jaribu kule kwa wahunzi."

"Haina tundu. Nataka unikatie kioo cha mviringo, upana wa kitako hiki. Viwili. Na viwe vinene kama kidole gumba."

Zuber akaipima sahani kwa kiganja. Shibiri moja kasoro kidogo. Katika miaka thelathini ya kazi yake alikuwa amekata vioo vya madirisha ya makanisa, vya mabasi, vya picha za marehemu na vya kabati za mabibi harusi. Hakuna aliyewahi kumtaka kioo cha mviringo chenye unene wa mkate.

"Vya mapambo?"

"Vya kutengenezea darubini. Kuna galaksi nataka kuiona."

"Galaksi ndiyo mnyama gani?"

Mwalimu akacheka, na kicheko chake kikajaza duka kuliko mvua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye chaki isiyotoka kwenye kucha. Alifundisha fizikia katika shule ya wazazi iliyofunguliwa karibuni, na kila jioni alirudi kwao Lupepo alikoishi na mama yake. Akamweleza Zuber kwamba galaksi ni mji wa nyota, nyota nyingi kuliko majani yote ya chai yaliyomo Rungwe, zimekusanyika zikizunguka kitovu kimoja, na mikono yake imejikunja kama maji yanayoingia shimoni. Alipokuwa chuoni, mhadhiri mgeni kutoka Ulaya aliwaonyesha picha ya mmoja wa miji hiyo. Kwao, alisema yule mhadhiri, mji huo huonekana umejiinamia ukingoni mwa anga, umemezwa na moshi na taa. Mwenye bahati nao ni mtu wa kusini.

"Mwezi wa sita, saa mbili za usiku, unasimama karibu na utosi wetu," alisema mwalimu, akanyoosha kidole kwenye bati lililokuwa likivuja. "Hapo. Juu ya paa lako. Nimefundisha chini yake miaka kumi na sita, fundi, kama mpangaji asiyemjua mwenye nyumba wake. Macho matupu hayaufikii. Na darubini siwezi kununua. Kwa hiyo nitaitengeneza."

Zuber alikohoa kuficha tabasamu. Hata hivyo, kwa sababu ambayo hakuweza kujieleza, hakumfukuza.

Zuber alikuwa fundi wa aina ambayo dunia ilikuwa imeanza kuisahau. Mjomba wake aliyemlea kule Pangani hakumfundisha kukata kioo tu, bali pia kukigeuza kiwe cha kujitazamia: kukiosha mpaka kisiwe na hata alama ya pumzi, kukimiminia dawa ya fedha iliyochanganywa na maji ya sukari, kisha kukisubiri kwa roho mkononi mpaka uso wako mwenyewe uchomoze kutoka kwenye yale maji machafu. Alipopanda huku milimani akiwa kijana, wasichana wa Tukuyu walijifunga vilemba mbele ya kazi ya mikono yake. Kisha ikaja enzi ya ruksa. Milango ya nchi ikafunguliwa, malori yakaingia, na vioo vikaja vimeshakatwa, vimeshapakwa, vimechorwa na mawaridi pembeni, kwa bei ya karanga. Kwa miaka tisa sasa Zuber hakuwa amepaka fedha kioo hata kimoja. Alibaki kuziba madirisha yaliyotobolewa na mipira.

Hakulalamika. Alikuwa ameshaamua. Lile duka kubwa la umma lilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada, Zuber alijinyakulia kioo cha kaunta: bapa moja refu kama kitanda, nene, ambalo ukilitazama ubavuni lilikuwa la kijani kama maji ya ziwani. Kona yake moja ilikuwa imevunjika. Akaikata ikanyooka, kile kipande akakiegemeza ukutani, na bapa lenyewe akalifunika blanketi. Mvua zikiisha angeing'oa meza ya kukatia, aliweke bapa hilo mahali pake, na chini yake apange kaseti, mafuta ya nywele na saa za plastiki. Alishachagua hata rangi ya mlango.

"Kile kipande cha ukutani kitatoa viwili," alimwambia mwalimu. "Lakini sikuahidi mbingu."

"Mbingu nitaitafuta mwenyewe, fundi. Wewe nipe kioo tu."

*

Kioo kinene hakikatwi mviringo kwa kalamu ya almasi. Zuber alichukua kipande cha bomba la chuma chenye upana ule, akakifunga kwenye keekee, akawa anakizungusha juu ya kioo huku akinyunyiza maji na unga wa msasa. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Kufikia siku ya nane kioo cha kwanza kilikuwa kimetoka, na siku ya kumi na nne, asubuhi ya baridi ambayo pumzi ilionekana kama moshi wa sigara, cha pili nacho kiliachia.

Zuber alikuwa amechoka na alikuwa na haraka. Alitaka mwalimu achukue vitu vyake, yeye arudi kwenye mipango yake. Tope la msasa lilikuwa limeganda juu ya kile kioo, na jikoni birika la mkewe lilikuwa likitokota. Akalichukua, akamimina.

Sauti ilikuwa ndogo tu, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa. Ufa ulipita katikati, ukakigawa kioo kama mkate wa kumega.

Zuber alisimama na birika mkononi. Kioo cha baridi hakipewi maji ya moto: hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, na yeye mwenyewe alikuwa amewachapa vijana makofi kwa kulisahau. Angeweza kusema kioo kilikuwa na dosari ya tangu kiwandani. Nani angebisha? Alikunywa chai akiwa na uongo huo mdomoni, ukamharibia hata ladha ya tangawizi. Adhuhuri ilipopita alivaa koti, akapata lifti ya lori la majani ya chai, na njia iliyobaki kwenda Lupepo akaimaliza kwa miguu katika utelezi.

Alimkuta Bibi Agness, mama yake mwalimu, akimenya ndizi barazani. Bibi alimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na Zuber, ambaye miaka thelathini ya milimani ilikuwa imemfundisha adabu, akamwitikia. Kabla hajasema lililomleta alikwishawekewa kigoda na kikombe cha maziwa ya mgando, na mwalimu alikuwa ametoka ndani na rundo la madaftari ya wanafunzi.

"Mwalimu, nimekivunja," alisema Zuber. "Kimoja. Kioo hakikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Mwalimu aliyashusha madaftari polepole. "Ulikimwagia maji ya moto?"

"Umejuaje?"

"Maabara yangu nimeivunjia chupa saba kwa njia hiyohiyo." Akaangua kicheko, na mama yake akacheka naye bila kujua kinachochekwa, kwa kuwa katika nyumba ile kicheko kilikuwa kama ugali: kikiwapo, kila mtu anakula. Kisha mwalimu akauliza kwa sauti ya chini, "Kile kipande ndiyo kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Basi nitasubiri. Ule mji wa nyota ulikuwapo kabla ya mlima Rungwe. Hauhami."

Alisema kwa uchangamfu, lakini Zuber aliona vidole vyake vikikunja na kukunjua pembe ya daftari moja mpaka likachanika. Bibi Agness akadakia kwa Kiswahili chake cha taratibu chenye mdundo wa migombani.

"Fundi, mimi nimekwishapita miaka sabini. Huyu ananiambia kuna kitu kinakaa juu ya migomba yangu siku zote, na mimi sijakiona. Nimemwambia, mwanangu, fanya upesi basi, usije ukanionyesha nikiwa chini ya hiyo migomba."

Wakacheka tena, wote watatu. Lakini Zuber alipoondoka hakutafuta lori. Alitembea njia nzima hadi mjini, mashamba ya chai yakiwa yamelala kijani pande zote mbili za barabara. Njiani alikuwa akigombana na mtu ndani ya kichwa chake, na yule mtu alikuwa akimshinda.

Alifika giza likianza kuingia. Mwanahalima, mkewe, alimkuta nyuma ya duka amelifunua lile bapa, amepiga magoti, akichora duara kwa chaki katikati yake, mbali na ufa wowote wa kingoni.

"Baba Samira, hilo si ndilo duka letu jipya?"

"Lilikuwa."

Mwanahalima aliegemea mwimo wa mlango. Walikuwa wameoana miaka thelathini na miwili, na alijua kumsoma mumewe kwa kisogo. Alimwona alivyoishika ile chaki, kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akiishika zamani.

"Basi nipe blanketi langu," alisema hatimaye. "Hapo halina kazi tena. Na hizo kaseti, mume wangu, zingekuua kwa kelele kabla ya mwaka kwisha."

*

Kusaga kioo cha darubini ni kazi ya mtu asiye na pa kwenda. Unaweka kioo kimoja juu ya pipa lililojazwa mchanga, unakilaza kingine juu yake, katikati unatia unga wa msasa na maji, kisha unasukuma mbele na nyuma, unapiga hatua moja kando, unasukuma tena, na hivyohivyo unalizunguka pipa kama punda wa kinu. Saa baada ya saa, mwezi baada ya mwezi, kioo cha juu kinabonyea taratibu kama kiganja kinachoomba, na cha chini kinavimba; bonde la kile cha juu, likipakwa fedha, ndilo litakalokusanya mwanga wa nyota. Mwalimu alikuja kila Jumamosi na vitabu vyake na unga wa msasa laini zaidi ya ule wa juma lililopita. Siku za katikati ilikuwa asage yeye Zuber "kidogo tu, ukipata nafasi." Zuber akajikuta anapata nafasi asubuhi, anapata nafasi baada ya alasiri, mpaka wateja wa madirisha wakalazimika kupiga hodi mara tatu.

Mji haukukaa kimya. Mzee anayelizunguka pipa kutwa nzima akinong'ona hesabu za hatua, anataka nini? Ikavuma kuwa Zuber anatengeneza kioo cha kutazamia wachawi. Siku moja akaja Lazaro, mchuuzi wa Ibighi, kofia mkononi, akaomba atazamiwe ng'ombe wake aliyepotea.

"Kioo hiki kinatazama juu tu," Zuber alimjibu bila kuacha kusaga. "Ng'ombe wako alipaa?"

Kicheko cha Mwanahalima kilisikika toka uani, na kuanzia siku hiyo akawa anatoka na chai yake na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimhesabia mumewe hatua. Zuber mwenyewe alikuwa amesahau ni lini mara ya mwisho walikaa hivi, yeye akifanya kazi na mkewe akizungumza.

Mwezi wa Februari walipomaliza kusaga, wakaanza kusugulia kwa lami, utomvu wa mti wa msindano na ule unga mwekundu ambao masonara hung'arishia dhahabu, hadi kioo kikawa kinang'aa kama maji yaliyosimama. Zuber akatangaza kwamba kazi imekwisha.

"Bado tukipime," alisema mwalimu.

Wakaziba dirisha la chumba cha nyuma kwa lile blanketi. Mwalimu akakisimamisha kioo upande mmoja wa chumba, na upande wa pili akaweka kibatari ndani ya kopo lenye tundu dogo, na kando yake wembe. Akamwambia Zuber aweke jicho nyuma tu ya ukali wa wembe. Zuber akainama, na kioo kizima kikawaka mbele yake kama mwezi mpevu. Katikati ya mwezi huo palikuwa na kilima, laini, chenye kivuli upande mmoja.

"Hicho ni nini?"

"Kosa letu. Urefu wake haufiki sehemu ya mia ya unene wa unywele."

Zuber alihisi joto la hasira masikioni. "Mkono wangu haukosei, mwalimu. Kibatari chako ndicho kinachotikisika."

Mwalimu hakubishana naye. "Nenda kaweke kidole kwenye kioo. Hesabu hadi ishirini, kisha urudi utazame."

Akaenda, akaweka kidole, akarudi. Pale kilipogusa palikuwa pameinuka kilima kipya, kirefu, kama kichuguu kilichoota kwa mkesha mmoja. Akakitazama akiwa haamini. Taratibu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kile kichuguu kikanywea, kikazama, kikatoweka.

"Ni joto la kidole chako," alisema mwalimu kutoka gizani. "Kioo kinalisikia."

Zuber akakitazama kidole chake. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amekishika kioo akidhani ni kitu kilichokufa, kigumu, kisichojua kama kimeshikwa na fundi au na mpumbavu. Kumbe kila alipokigusa kilikuwa kinajibu. Alijiona mtu aliyekaa na jirani nusu ya maisha yake ndipo akagundua kwamba jirani huyo si bubu.

"Kile kilima cha katikati," alisema baadaye, sauti ikiwa imebadilika, "tunakiondoaje?"

"Kwa subira."

Kiliwachukua mpaka mvua za masika zilipoanza kulegea.

*

Kupaka fedha ilikuwa zamu ya Zuber, na mwalimu alikaa pembeni kama mwanafunzi. Dawa ilipatikana kwa shida kutoka maabara moja ya Mbeya, chupa ndogo isiyotosha kurudia. Zuber alikiosha kioo mara tatu, mara nne. Akaiweka mikono yake ndani ya maji baridi mpaka joto lake likaisha. Kisha akasema bismillahi, akachanganya dawa na maji ya sukari, akamimina.

Maji yakawa ya kahawia, yakawa meusi, yakawa kama tope la mtaroni. Mwalimu alishika kinywa. Zuber hakutikisika. Alikuwa akikitikisa chombo polepole, kushoto na kulia, kama mlezi, na midomo yake ilikuwa ikihesabu hesabu ya mjomba wake aliyekwishaoza Pangani.

"Sasa," alisema.

Akayamwaga yale maji, akasuuza. Kutoka ndani ya kioo uso wa mzee mwenye ndevu za mvi ulimtumbulia macho, mkubwa kupita kiasi, umejaa mikunjo, na machozi yakiwa yametanda kwenye kope. Zuber akautazama ule uso kwa mshangao, kisha akaucheka, nao ukamcheka.

"Mama Samira!" aliita. "Njoo uone jinsi ulivyoolewa na mzee!"

*

Meshaki, seremala, aliwatengenezea boksi refu la mbao na kiti cha kulizungushia, na ile lenzi ya kuwekea jicho mwalimu aliitoa kwenye hadubini mbovu ya shule. Mwezi wa sita ulipoingia, darubini ikapelekwa Lupepo juu ya lori la chai, imeviringishwa mikeka kama bibi harusi.

Jioni ya kwanza ukungu ulishuka. Ya pili, ukungu. Ya tatu mbingu ilifunguka kidogo, ikawaonyesha nyota nne, ikajifunga kama mlango wa mtu mchoyo. Zuber na Mwanahalima walilala kwa Bibi Agness, wakala ndizi na maziwa, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba huenda kazi ya miezi kumi ikakosa hata usiku mmoja wa kuifaa. Jioni ya nne, jua lilipozama, baridi ikauma kama siafu, na anga ikatoka safi, nyeusi, iliyojaa nyota mpaka ukahofia zitamwagika.

Majirani walikuwa wamekuja na makoti na mablanketi. Mwalimu alipekua mbingu kwa muda mrefu, uso ukiwa kwenye lenzi, mkono ukilisogeza boksi kwa kiasi cha ukucha. Ghafla mkono ukasimama. Hakupiga kelele. Alibaki ameinama vilevile, na Zuber, aliyekuwa karibu naye, alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

"Mama," alisema. "Njoo."

Bibi Agness aliletwa, akashikwa mabega, akaelekezwa jicho. Akatazama.

"Naona moshi," alisema Bibi.

Mtu mmoja akaguna. Mwalimu akapiga magoti kando ya mama yake. "Moshi wa namna gani, mama?"

"Mdogo. Mviringo. Kama wa jiko la mtu anayekaa mbali."

"Ndio wenyewe. Moshi huo ni nyota. Nyota zisizohesabika. Na huo mwanga unaoingia jichoni mwako sasa hivi, uliondoka kule kabla hajazaliwa mtu yeyote hapa duniani. Ulikuwa njiani muda wote huo."

Bibi Agness aliliacha jicho palepale. "Kyala," alinong'ona, akimtaja Mungu kwa jina alilofundishwa na mama yake. Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida, sauti ya barazani, akiuambia ule mwanga wenyewe: "Karibu. Pole na safari."

Mwalimu akaangua kilio na kicheko kwa wakati mmoja, na watu wakapiga vigelegele ambavyo vilipokelewa na mbwa wa ng'ambo ya bonde. Foleni ikaanza. Kila aliyeinama aliinuka akisema "Naiona!" na wengine, Zuber aliona, walisema upesi mno.

Zamu yake ilipofika, alivua kofia. Alikuwa na macho yanayosifika. Msikitini Tukuyu, wakati wa kutafuta mwezi mwandamo, vijana walimtanguliza yeye. Akaweka jicho, akatazama kwa nguvu zake zote.

Hapakuwa na kitu. Giza la kijivu, vinyota vitatu vinne, basi. Akapepesa, akatazama tena. Nyuma yake watu walikuwa wakingoja, na neno lilikuwa rahisi: naiona. Nani angebisha?

"Siioni," alisema Zuber kwa sauti iliyosikika na wote. "Mwalimu, mimi siioni."

Mwalimu akaja, akalirekebisha boksi, akamwekea mkono begani. "Unaikodolea, fundi. Kitu hiki hakipendi kukodolewa. Usiitazame yenyewe. Tazama kando yake, kama unavyomtazama mgeni mwenye haya. Halafu subiri."

Zuber akapumua. Akalipeleka jicho kwenye kinyota kimoja cha pembeni, akaliacha likae hapo bila kudai kitu. Baridi ilimpanda miguuni. Akasikia majani ya migomba yakisuguana. Na pale, katika pembe ya jicho, pale ambapo hapakuwa na kitu, kitu kikawapo. Kwanza ilikuwa kama alama ya pumzi juu ya kioo. Halafu kikapata kitovu, chepesi, cheupe. Halafu, kwa muda wa mpigo mmoja wa moyo, na tena kwa mpigo mwingine, akaona mkono mmoja wa ule mji ukijikunja kutoka kwenye kile kitovu, laini kama maziwa yanayomwagwa ndani ya chai kabla hayajakorogwa.

Mji ule ulikuwa ukisogea, ukielekea ukingoni mwa duara la kioo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alihisi dunia ikizunguka chini ya viatu vyake, na yeye na Lupepo na chai yote wakiwa wamebebwa. Akaliwekea boksi kiganja, akalisukuma kwa upole mpaka ukarudi katikati.

"Baba Samira," Mwanahalima aliuliza nyuma yake, "unaona nini?"

Zuber aliinua uso kutoka kwenye lenzi. Akamshika mkewe mkono, akamsogeza mahali pake, yeye akabaki amelishika boksi. "Usiitazame yenyewe," alimwambia. "Tazama kando."

Mwanahalima aliinama, mtandio wake umegusa mbao. Muda ukapita. Huko chini bondeni ukungu ulikuwa umeanza kupanda, mweupe, ukimeza shamba moja baada ya jingine, na mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kwamba wafanye haraka, unakuja. Zuber aliendelea kulisukuma boksi, kidogo kidogo, kwa mwendo ule wa dunia. Akasikia mkewe akicheka taratibu, kicheko ambacho hakuwahi kumsikia nacho.

"Bado," alisema Mwanahalima, bila kuinua uso. "Msiniondoe bado."